Barua ya wazi kwa wakuu wa New York Mets: mliowaacha waende tulikuwa tunawajua

Kwa Bwana Steve Cohen, mmiliki wa New York Mets, na Bwana David Stearns, rais wa shughuli za besiboli wa klabu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia majira haya ya baridi ya 2025-26, kabla kambi ya mazoezi ya Port St. Lucie haijafunguliwa, kwa sababu mechi zikishaanza hakuna anayemsikiliza mwenzake. Tukishinda tano mfululizo mtasema hesabu zenu zimejibu. Tukipoteza tano, sisi tutakuwa tunazomea, na mtu anayezomea hawezi kueleza kinachomuuma. Sasa uwanja umefungwa na kila mmoja ana nafasi.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayoizungumzia timu yenu, sisi tuliohamia Queens kutoka Mombasa, Tanga, Bukavu na Bujumbura. Tulifika hapa hatuijui besiboli. Tukajifunza ndani ya treni namba 7 na kwenye viti vya juu vya Citi Field, na leo tunabishana nani aanze kurusha kesho kwa ukali ule ule tuliokuwa tukibishania mpira wa miguu nyumbani. Wakalimani mnao. Kwa wasomaji wenzangu ambao mchezo huu hawaufuati, nitaeleza kila penye haja.

Mwaka 2024 timu hii ilipata maelewano ambayo hakuna aliyeyapanga. Mwaka 2025 yakapotea. Majira haya ya baridi mmewaondoa karibu wote waliokuwa wakiyabeba. Mmetupa sababu za kila mchezaji mmoja mmoja, na baadhi ya sababu hizo ni nzuri. Ila hamjatuambia hawa waliobaki na hawa wanaokuja watageukaje kuwa timu. Hilo ndilo nililowaandikia.

Mei 29, 2024 tulifungwa 10-3 na Dodgers wa Los Angeles mbele ya macho yetu. Mrushaji wetu Jorge López alitolewa na mwamuzi, akaitupa glovu yake jukwaani, na kesho yake hakuwa mchezaji wetu tena. Tulikuwa tumeshinda mechi 22 na kupoteza 33. Jioni ile Francisco Lindor, mlinzi wetu wa kati ya besi ya pili na ya tatu, aliwaita wachezaji wenzake peke yao, bila makocha, wakasemezana. Siku mbili baadaye alipandishwa kutoka ligi ya chini Jose Iglesias, Mkuba wa miaka 34, ambaye mwaka uliotangulia hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuanzia pale hadi mwisho wa msimu tulishinda mechi 67 na kupoteza 40. Iglesias alipiga kwa wastani wa .337, yaani alifaulu karibu mara moja kati ya tatu, katika mechi 85, na wastani huo ni mzuri sana, lakini mkimuuliza shabiki yeyote atawaambia habari nyingine. Atawaambia kuhusu wimbo ambao Iglesias aliuimba mwenyewe uwanjani baada ya mechi ya mwisho wa Juni, wachezaji wenzake wakiwa wamemzunguka. Atawaambia kuhusu kile kibao chenye herufi tatu, OMG, jina la wimbo huo, ambacho kila aliyepiga mpira ukavuka ukuta alikabidhiwa akinyanyue akirudi kwenye benchi. Hata yule kikaragosi wa zambarau wa duka la chakula aliyerusha mpira wa ufunguzi Juni 12, tukashinda mechi saba mfululizo, tulimchukua kama mmoja wetu. Watu wazima wenye watoto na kodi za nyumba walikuwa wakija uwanjani wamevaa zambarau. Mtu asiyekuwepo anaweza kuona ni utoto. Mimi nasema ule ulikuwa uwanja ambao watu wasiojuana walishikana mikono.

Kisha likaja juma lile. Septemba 30 mjini Atlanta, awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, Lindor akavusha mpira ukuta na tikiti ya hatua ya mtoano ikapatikana. Oktoba 3 mjini Milwaukee, tukiwa nyuma 2-0 awamu ya tisa, Pete Alonso, mlinzi wetu wa besi ya kwanza, akamkabili Devin Williams, mmoja wa wamaliziaji (warushaji wa kufunga mechi) wagumu kuliko wote wakati ule, akapiga pointi tatu kwa pigo moja. Oktoba 9 Lindor akawapiga Phillies wa Philadelphia pointi nne kwa pigo moja pale pale nyumbani. Tulikuja kutolewa na Dodgers katika mechi ya sita, na sikumsikia mtu akitukana. Tulikuwa tumeona timu.

Baada ya hapo Iglesias hakupewa mkataba. Alikwenda San Diego. J.D. Martinez naye, mpigaji mkongwe aliyekuwa akikaa na kijana Mark Vientos wakichambua upigaji wake, aliachwa. Vientos alikuwa amepiga mipira 27 ya kuvuka ukuta mwaka 2024. Mwaka 2025 alipiga 17. Siwezi kusema kwamba mzee mmoja kuondoka ndiko kulikomshusha kijana. Hakuna anayeweza kuthibitisha jambo la namna hiyo, na ndiyo sababu ni rahisi kulifuta kwenye bajeti: halina safu yake kwenye jedwali. Badala yake tulimpata Juan Soto kwa miaka 15 na dola milioni 765, mkataba mkubwa kuliko wowote uliowahi kuandikwa katika michezo. Na Soto alifanya kazi yake. Mipira 43 ya kuvuka ukuta na besi 38 alizoiba kwa mbio si kazi ya mtu mvivu. Anayemtupia Soto lawama za 2025 hakuwa akitazama.

Juni 12, 2025 tulikuwa na rekodi bora kuliko timu zote za ligi kuu, 45-24. Siku hiyo hiyo mrushaji wetu Kodai Senga alikimbilia besi ya kwanza, Alonso akamrushia mpira juu mno, Senga akaruka kuudaka, na msuli wa nyuma ya paja ukamwachia. Naitaja siku hiyo kwa makusudi, Bwana Stearns, kwa sababu inakupa haki wewe: ulinzi wa Alonso ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilitugharimu. Kutoka siku ile tulishinda 38 na kupoteza 55. Mwezi Septemba tulipoteza nane mfululizo. Siku ya mwisho, mjini Miami, tulihitaji ushindi mmoja. Cincinnati tuliokuwa sawa nao walipoteza siku ile ile, mlango ulikuwa wazi kabisa. Tulifungwa 4-0. Tukamaliza 83-79 sawa na wao, na wao wakapita kwa sababu walitushinda tulipokutana.

Lakini kuna takwimu moja ya msimu ule iliyoniuma kuliko ile ya Miami. Kila tulipokuwa nyuma awamu ya nane inapokwisha, tulipoteza. Mara 70 kati ya 70. Timu ile ile ambayo mwaka mmoja nyuma ilizigeuza Atlanta na Milwaukee awamu ya tisa haikuweza kuigeuza hata mechi moja katika msimu mzima wa mechi 162. Sehemu kubwa ya hilo ni bahati, na sehemu ni warushaji waliochoka. Sehemu nyingine ilionekana kwa macho kutoka viti vya juu: watu wameketi mbalimbali kwenye benchi, kila mmoja akiutazama uwanja peke yake.

Najua mtakavyojibu, maana hoja hii ni ya zamani kuliko Citi Field. Mtasema wanaoshinda ndio wanaoelewana. Leta ushindi, watacheka wenyewe. Na historia inawapa ushahidi. Oakland Athletics walitwaa World Series, fainali ya ligi kuu, mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, huku wakipigana ngumi wenyewe kwa wenyewe. Juni 1974 Reggie Jackson na Billy North walikunjana kwenye chumba cha kubadilishia nguo mjini Detroit, na mdakaji wao Ray Fosse, aliyeingia kuamulia, akaumia shingo. Mwaka ule ule wakachukua ubingwa. Mwaka 1977 Jackson huyo huyo, sasa akiwa Yankees, nusura ashikane na kocha wake Billy Martin kwenye benchi pale Boston, kamera zikiwaonyesha nchi nzima. Yankees wakawa mabingwa.

Siukatai ushahidi huo. Ninaomba tu utazamwe vizuri. Jackson, Sal Bando, Joe Rudi, Gene Tenace, Bert Campaneris, Catfish Hunter, Rollie Fingers: hao Athletics walikuwa wameanzia klabu ile ile na kukua pamoja kwa miaka. Waligombana kama ndugu wanaolala chumba kimoja, na mpira ulipopigwa kila mmoja alijua mwenzake atakuwa wapi. Maelewano ninayoyasema mimi hayahitaji watu wapendane. Yanahitaji wajuane, na kujuana kunataka muda ambao hakuna mkataba unaoweza kuununua.

Tena kuna waliolipanga jambo hili na likafaulu. Boston Red Sox walimaliza 2012 mkiani mwa kundi lao, 69-93. Badala ya kukimbilia jina moja la bei kubwa, wakasajili Mike Napoli, Jonny Gomes, Shane Victorino na David Ross, wachezaji wa wastani wa juu waliosifika kwa tabia zao chumbani kuliko kwa mishahara yao. Wakafuga ndevu wote. Aprili mwaka 2013 mji wao ukalipuliwa mabomu kwenye mbio za marathoni, na timu ile ndiyo iliyowapa watu mahali pa kukutana kila jioni. Oktoba walikuwa mabingwa. Na kabla yao, mwaka 1979, Willie Stargell wa Pittsburgh, akiwa na miaka 39, alikuwa akiwagawia wenzake nyota ndogo za kushona kwenye kofia kila mmoja alipofanya jambo la maana. Wanaume wenye mishahara mikubwa waligombea vipande vya kitambaa. Walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Baltimore kwenye fainali, wakashinda tatu zilizobaki.

Niwaeleze wasomaji wenzangu kwa nini katika mchezo huu jambo hili lina uzito wa pekee. Mpira wa miguu unachezwa mara moja au mbili kwa wiki. Besiboli ya ligi kuu ni mechi 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku, nusu yake ugenini, hotelini na ndani ya ndege. Mpigaji bora kabisa hushindwa mara saba kati ya kumi. Yaani huu ni mchezo wa kushindwa kila siku mbele ya watu elfu arobaini, kisha kurudi kesho yake ukiwa umesahau. Kocha hawezi kumbeba mtu namna hiyo kwa miezi sita. Anayembeba ni aliyeketi karibu naye, ambaye naye jana alishindwa.

Halafu kuna kazi zinazofanywa na watu wawili wawili. Mrushaji na mdakaji siku hizi wanapeana ishara kwa kifaa cha kielektroniki, tangu 2022, lakini kifaa hakimwambii mdakaji kwamba leo mrushaji wake ana hasira na atang'ang'ania mpira wa kasi pale asipopaswa. Lindor amemrushia Alonso kule besi ya kwanza kwa misimu mitano. Mara ngapi kwa siku, mazoezini na kwenye mechi? Alijua akiharakisha mpira ukatua chini mbele ya Alonso, jitu lile litaunyanyua. Mtu anayejua hivyo hurusha bila woga. Sasa atamrushia Jorge Polanco, ambaye besi ya kwanza si nyumbani kwake. Upande wake wa kulia atasimama Bo Bichette, ambaye besi ya tatu nayo si nyumbani kwake. Wote wawili wanaweza kujifunza, ni wachezaji wazuri. Lakini mtakuwa mnafundisha majirani wapya wa Lindor kwa mpigo mmoja, yeye akiwa katikati.

Na kuna lugha. Chumba chenu kina Kihispania cha Puerto Rico, cha Jamhuri ya Dominika na cha Venezuela, kina Kiingereza, kina Kijapani. Tangu 2016 ligi inazitaka klabu zote ziwe na wakalimani wa Kihispania, jambo la haki lililochelewa. Sisi wahamiaji tunajua vizuri sana kwamba mkalimani anakufikishia agizo la bosi. Utani wa saa ya chakula hakufikishii. Ndiyo maana mtu kama Iglesias, aliyeweza kuwakalisha wote meza moja, ana thamani ambayo .337 haiielezi.

Sasa nije kwa mashabiki, maana najua huko ndani tunaonekana watu wasioridhika.

Mets ilianza mwaka 1962 kwa kupoteza mechi 120. Wazee wa hapa Queens waliokuwepo wanausimulia msimu ule kwa furaha. Hivyo msidhani shabiki wa timu hii hajui kushindwa, ameanzia huko. Ubingwa wetu ni wa 1969 na 1986, basi, na watu wameendelea kuja. Mwaka 2025, katika msimu ule wa kuvunja moyo, tulikuja zaidi ya watu milioni 3. Bwana Cohen, ulituomba radhi hadharani siku moja baada ya Miami, ukasema sisi tulitimiza wajibu wetu na ninyi hamkutimiza. Uliniheshimu kwa kusema vile na sijasahau.

Ila matarajio makubwa hatukuyazua sisi. Ulipoinunua timu mwaka 2020 kwa dola zipatazo bilioni 2.4, ulisema ubingwa usipopatikana ndani ya miaka mitatu hadi mitano utasikitika kidogo. Miaka mitano imekwisha. Katikati yake tulishinda mechi 101 mwaka 2022 tukatolewa mara moja na San Diego. Mwaka 2023 tukawa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote katika historia tukamaliza 75-87, Max Scherzer na Justin Verlander wakauzwa kabla msimu haujaisha. Ukimwambia mtu miaka mitano, atahesabu.

Huko nilikotoka, klabu kama Simba na Yanga zimekua zikiwa za wanachama; mtu ana kadi, anaingia mkutanoni, anapiga kura, anaweza kumng'oa mwenyekiti. Hapa timu ni mali ya mtu. Silalamiki, ndiyo sheria ya mahali. Lakini maana yake ni kwamba shabiki wa Mets hana chombo chochote cha kusemea isipokuwa koo lake. Agosti 2021 Javier Báez, Lindor na Kevin Pillar walianza kutugeuzia vidole gumba chini kila walipofanya vizuri, kwa sababu tuliwazomea walipofanya vibaya. Uongozi wa wakati ule ulitoa taarifa ya kuwakemea na wachezaji wakaomba radhi. Mimi siku zile niliwaelewa wachezaji pia. Kuzomewa na watu wako mwenyewe, nyumbani kwako, kunaumiza.

Na tulibadilika. Agosti 2023 mashabiki wa Philadelphia, ambao kwa ukali hawana mpinzani, walisimama wakampigia makofi Trea Turner akiwa katika kipindi kibaya kuliko vyote maishani mwake, naye akafufuka. Aprili 2024 Lindor alipokwama kabisa, Citi Field nayo ikasimama ikampigia makofi. Yule yule wa kidole gumba. Miezi mitano baadaye akatupeleka hatua ya mtoano pale Atlanta. Tulikuwa tumeshaishi naye miaka mitatu, tulishagombana, tulishapatana. Mtu hamsimamii mgeni namna ile.

Ndiyo sababu majira haya ya baridi yametuumiza kuliko kushindwa kwenyewe. Brandon Nimmo mlimchukua kijana mwaka 2011 kutoka Wyoming, jimbo ambalo shule zake za sekondari hazina timu za besiboli, akakua mikononi mwa klabu hii hadi akawa yule mtu anayekimbia kwenda besi ya kwanza hata anapopewa bure. Amekwenda Texas. Jeff McNeil, mfalme wa wastani wa upigaji wa 2022, amekwenda Athletics. Mmaliziaji Edwin Díaz, ambaye tarumbeta za wimbo wake wa kuingilia uwanjani zilikuwa zikituinua vitini awamu ya tisa, amekwenda kwa Dodgers, kati ya timu zote. Na Alonso, aliyemaliza akiwa na mipira 264 ya kuvuka ukuta, mingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuvaa jezi hii, aliyecheza mechi zote 162 mwaka 2024 na zote tena mwaka 2025, amekwenda Baltimore. Wote wanne ndani ya majira mamoja. Lindor, aliyekuja 2021, ghafla amekuwa miongoni mwa wazee wa nyumba. Karibu benchi zima la makocha nalo limebadilika, kocha mkuu Carlos Mendoza akiachwa peke yake.

Bwana Stearns, ulikulia Manhattan ukiipenda timu hii, kwa hiyo najua hukufanya haya kwa ubaridi wa moyo. Umesema lengo ni ulinzi bora na kuwazuia wapinzani wasipate pointi, na ulikuwa na kikosi kilichoshinda mechi 83 tu. Kukirudisha kama kilivyo ingekuwa kosa. Marcus Semien ni mlinzi hodari na bingwa wa 2023 anayesifika kwa kutokosa kazini. Mrushaji Freddy Peralta tulimhitaji mno. Nikimchukua kila mmoja peke yake, wengi wao ningewasajili mimi mwenyewe. Hofu yangu ni kwamba walichaguliwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo naomba haya. Kabla ya mechi ya kwanza ya Machi, tokeni mseme hadharani ni nani mnaowategemea waikusanye hii timu. Hatuna nahodha tangu David Wright, mchezaji ambaye hakuwahi kuvaa jezi ya timu nyingine ya ligi kuu, na namba yake 5 mliipandisha ukutani Julai 2025 mbele ya uwanja uliojaa. Sidai lazima awepo nahodha. Nadai kujua mmelifikiria. Kikosi ni cha watu 26. Wekeni nafasi moja ya mkongwe ambaye kazi yake kubwa ni kukaa na vijana, na wastani wake ukishuka Mei msimfukuze kwa sababu ya wastani. Nolan McLean na vijana wenzake walioanza 2025 waambiwe wazi kwamba hapa mtu akifanya vizuri anazeekea hapa, halafu mlitimize hilo, maana wazazi wenye jezi za Alonso nyumbani sasa wanaogopa kuwanunulia watoto nyingine. Na Bwana Cohen, tafadhali usitutajie tena idadi ya miaka.

Kuna maneno mengi magazetini kuhusu Lindor na Soto, kwamba wanaheshimiana kwa mbali. Mimi simo chumbani na sitayarudia kama kweli. Ninachokijua kimeandikwa kwenye mikataba: Lindor yuko hadi 2031 na Soto hadi 2039. Watakuwa pamoja misimu sita mingine, Mungu akipenda. Hawahitaji kula chakula cha jioni pamoja. Wanahitaji mtu wa tatu, kama aliyekuwa Iglesias, na wa nne na wa tano, wa kuwaunganisha na wale wengine 24, na watu hao hutafutwa, hawaokotwi kila mwaka kutoka ligi ya chini kwa bahati.

Kwa upande wetu nina la kuahidi moja, na nimelizungumza na wenzangu tunaokaa pamoja kule juu. Devin Williams, yule yule aliyepigwa na Alonso pale Milwaukee, sasa ni wetu, na anakuja baada ya msimu mgumu sana kwa Yankees. Ataharibu mechi moja Aprili, kila mmaliziaji huharibu. Siku hiyo sisi hatutamzomea. Tutasimama. Tunachowaomba ni mtupe sababu ya kuamini kwamba atakuwepo muda wa kutosha tumjue.

Ni mimi, shabiki wenu wa Queens.